Upesi wa Kiingereza Una Miezi Mingapi?

Wasomaji wetu, twaomba kuanza kwa kuungama kosa letu wenyewe, maana mtu atakaye kuhakiki maneno ya wengine yampasa kwanza kufagia ua wake.

Ilikuwa siku ya gulio, katika mwezi wa Julai, pale Same mjini. Mama mmoja mjane, aliyeteremka kutoka upande wa Chome, alitujia akiwa na simu yake ya mkononi ameifunga katika pindo la kanga. Tulimwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaitika, "Marahaba, Mwalimu. Nisaidie neno moja. Mengine nimeyasoma mwenyewe, ila hili limenishinda." Mwanawe, afanyaye kazi Dar es Salaam, alikuwa amemwandikia kwamba atakuja nyumbani "soon". Nasi, bila kufikiri hata kidogo, tulimjibu, "Mama, asema atakuja upesi."

Yule mama alishukuru, akanunua sukari na mafuta ya taa, akapanda mlima. Mambo yaliyofuata tuliyasikia baadaye. Alimtenga jogoo mmoja asiuzwe. Akakipiga udongo upya chumba cha kijana. Jumamosi mbili mfululizo aliloweka mahindi na maharage, apike makande, akaketi mlangoni akitazama njia. Kijana hakutokea. Agosti ikapita, Septemba ikapita, mvua za vuli zikanyesha na kukatika. Kijana alifika tarehe 23 Desemba, pamoja na umati wa watu wa Upare ambao kila mwaka hurudi milimani kwa Krismasi.

Mwezi wa Januari tulikutana tena na mama huyo gulioni. Alitabasamu, akatuuliza mbele ya watu, "Mwalimu, naomba kujua. Upesi wa Kiingereza una miezi mingapi?"

Watu walicheka, nasi tukacheka pamoja nao. Lakini tulipokuwa njiani kurudi nyumbani hatukucheka tena. Kijana hakusema uongo, kwa maana moyoni mwake "soon" ilikuwa Krismasi. Mama naye hakukosa kuelewa, kwa maana aliambiwa "upesi", na upesi aujuao yeye hauzidi siku chache. Mwenye kukosa ni yule aliyesimama katikati, akalichukua neno la mmoja na kumpa mwenziwe bila kulipima. Basi twaona yafaa kuyachungua maneno haya ya Kiingereza ya haraka na mwendo wa upesi, kwa kuwa watoto wetu huyaandika kila siku, nasi twayafasiri yote kwa neno moja au mawili, kama mtu apimaye unga na maziwa na nguo kwa kibaba kimoja.

Na tuanze na neno lenyewe lililotuponza. Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, neno hili "soon" lilitamkwa "sona", na maana yake ilikuwa papo hapo, bila kukawia. Kama kijana yule angaliishi zama hizo, jogoo asingalipata kumaliza juma. Lakini watu walilitumia, wakaahidi nalo, wakachelewa. Wakaahidi tena, wakachelewa tena. Hata neno likazoea kuchelewa pamoja nao. Leo maana yake ni "baada ya muda usio mrefu", na urefu wa muda huo waujua msemaji peke yake.

Wala si neno hilo tu. Waingereza wana "presently", ambalo zamani lilikuwa na maana ya sasa hivi. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 latumika katika habari ya mtini ulionyauka mbele ya macho ya wanafunzi, nao hawakungoja hata kesho kuuona umenyauka. Siku hizi Mwingereza akikuambia "presently", unaweza kukaa kitako. Kadhalika wana maneno "by and by". Katika Biblia hiyohiyo binti wa Herodia, alipoomba kichwa cha Yohana Mbatizaji, asemwa alikitaka "by and by". Msomaji wa leo aweza kudhani kwamba binti alikuwa na subira, kwa maana sasa maneno hayo maana yake ni "baadaye kidogo". Lakini binti hakuwa na subira hata chembe. Alikitaka saa ile ile. Liko pia neno la kale "anon", lililotoka katika maneno yenye maana ya "katika moja", yaani karibu sana na kusema kwetu "mara moja". Nalo pia lilianza kwa kuwa sasa, likaishia kuwa baadaye.

Maneno manne, na yote yamepita njia moja. Mtu aweza kudhani kwamba hiyo ni tabia ya Waingereza. Lakini na tujitazame sisi. Mgeni akibisha hodi dukani akaambiwa "nakuja sasa hivi", huchukua kiti. Fundi wa nguo akisema "mara moja tu", mwenye nguo huenda zake sokoni akarudi alasiri. Na mtu aondokaye kabisa hutuaga kwa kusema "naja", huku mgongo wake ndio tunaouona. Ahadi ya upesi huchakaa kwa jinsi ichakaavyo sarafu ipitayo mikononi mwa wengi: kila apokeaye huipa thamani ndogo zaidi kidogo kuliko aliyempa. Jambo hilo halina kabila. Twalitaja ili mwenye kufasiri ajue kwamba neno la wakati halifasiriwi kwa kamusi tu. Sharti aulize pia limechakaa kiasi gani katika lugha litokamo, na kiasi gani katika lugha liingiamo.

Sasa na tupite katika aina ya pili, yaani yale maneno ambayo haraka ni mgeni ndani yake.

Tulipokuwa tukifundisha Kiingereza tulizoea kuwapa wanafunzi orodha ya maneno ubaoni, na kando ya neno "quick" tuliandika "upesi", na kando ya "fast" tuliandika "upesi" vilevile. Siku moja mwanafunzi mwenye bidii alijaribu kuisoma Biblia ile ya Kiingereza cha kale, akafika kwenye Waraka kwa Waebrania, sura ya 4, akaandika katika daftari lake kwamba Neno la Mungu "lina haraka na lina nguvu". Mwingine alifika mahali Mtume Paulo awaonyapo Wakorintho juu ya imani yao, akafasiri, "Simameni upesi." Tuliwasahihisha kwa kalamu nyekundu. Lakini kwa haki kalamu ile ingalipasa kuandika juu ya ubao wetu.

Maana "quick" asili yake ni kuwa hai. Neno la Mungu ni hai, ndivyo isemavyo Biblia yetu ya Kiswahili, na ndivyo walivyokusudia wafasiri wa Kiingereza wa mwaka 1611. Katika Imani ya Mitume kwa Kiingereza cha zamani watajwa "the quick" pamoja na wafu, nao si wakimbiaji, bali ni walio hai. Hata leo Mwingereza huiita nyama hai iliyo chini ya ukucha kwa neno hilo, na zebaki huiita fedha iliyo hai, kwa vile inavyotiririka na kukwepa vidole. Kitu kilicho hai hujongea, na kijongeacho kwa wepesi huonekana kuwa hai zaidi. Kwa mlango huo ndipo maana ya upesi ilipoingia, hata mwisho ikaitoa nje maana ya mwenye nyumba.

Habari ya "fast" ni ya ajabu kupita hiyo, kwa kuwa neno hili lilianza kwa maana ambayo karibu ni kinyume. Lilikuwa na maana ya imara, thabiti, kisichosogea. Mlango uliokazwa, fundo lililokazika, mtu asiyeyumba: hao wote waliitwa "fast". Ndiyo sababu Paulo, katika Kiingereza, awataka Wakorintho wasimame imara kwa neno hilo. Na mtu ajizuiaye na chakula, akishika sana neno lake, kufunga kwake kuliitwa vivyo hivyo. Na mlo wa asubuhi ukaitwa kuvunja huko kufunga, kama sisi tusemavyo kifungua kinywa. Basi imara iligeukaje kuwa mbio? Twaelewa kwamba watu walianza kusema juu ya mtu akimbiaye kwa kukaza, akaza mwendo bila kulegea. Kukaza ni kule kule kwa fundo na kwa mlango. Nasi pia husema "kaza mwendo", na hatushangai. Kumbe Mpare apandaye mlima na Mwingereza wa kale walikutana katika wazo moja: aendaye upesi kweli si yule arukarukaye, bali ni yule asiyelegea.

Twaja sasa kwenye neno ambalo sisi sote tumeliazima, wazee kwa vijana: "speed", yaani spidi. Hili ndilo ambalo, kwa maoni yetu, tumeliazima vibaya kuliko yote, kwa kuwa tulichukua ganda tukaacha kokwa.

Asili ya neno hili katika Kiingereza cha kale ni fanaka, kufaulu, mambo kumwendea mtu vema. Katika Biblia ya mwaka 1611, Mwanzo sura ya 24, mtumishi wa Ibrahimu asimama penye kisima na kumwomba Mungu ampe "good speed". Mwanafunzi wa leo asomapo hapo hudhani kwamba mzee aliomba ngamia wake waende mbio. Lakini ngamia walikuwa wamekwisha kupigishwa magoti. Safari ilikuwa imekwisha. Alichoomba ni kufanikiwa katika kumpatia mwana wa bwana wake mke. Na katika Waraka wa pili wa Yohana, msomaji akatazwapo kumsalimu mwalimu wa uongo, salamu yenyewe kwa Kiingereza ni kumtakia "speed" ya Mungu, yaani heri na baraka.

Sasa sikilizeni methali ya Waingereza, ya zamani hata imo katika mkusanyo wa John Heywood uliochapwa mwaka 1546. Wao husema: "More haste, less speed." Mtu ajuaye spidi ya gari tu huona kwamba methali hiyo haina akili: je, kadiri mtu anavyofanya haraka ndivyo mwendo wake unavyopungua? Lakini lipe neno maana yake ya kale, nayo itasema: haraka ikizidi, fanaka hupungua. Na hiyo ni nini, kama si methali yetu wenyewe, kwamba haraka haraka haina baraka? Watu wa pwani ya Bahari ya Hindi na watu wa kisiwa kile cha baridi hawakukaa baraza moja kushauriana. Kila mmoja aliona kwa macho yake jinsi mambo yaendavyo, wakasema neno moja. Nasi tulipoazima spidi, tuliazima kipimo cha kilomita kwa saa, tukaiacha ng'ambo ile baraka iliyokuwa ndani yake.

Wako watu, na wengine wao ni walimu wenzetu, wasemao kwamba kuazima hakuepukiki, kwa kuwa Kiswahili ni maskini katika jambo hili. Husema, "Kiingereza kina maneno kumi ya haraka, sisi tuna haraka tu." Neno hilo si kweli, na twaomba kulipinga kwa mifano.

Tunalo "mbio", na hilo ni la miguu; mtu hupiga mbio, na gari husemwa kwenda mbio kwa kufananishwa na mwenye miguu. Tunalo "kasi", na hilo ni la nguvu ya kitu kiendacho. Upepo una kasi, na maji ya korongo wakati wa masika yana kasi, ingawa hayana miguu. Tunalo "upesi", na hilo ni la muda. Barua yaweza kujibiwa upesi na mtu aliyeketi kitini. Ndugu yake ni "wepesi", na hilo ni la mwili na mikono; mwanamke mwepesi wa kusuka mkeka hana mbio wala kasi, lakini mkeka waisha. Tunalo "haraka", lililotoka Kiarabu kwa maana ya kujongea, na kutoka shina hilo hilo tuna "harakati"; ni mwendo wa mtu aliyeamshwa na jambo. Tunalo "hima", nalo ni la Kiarabu pia, na asili yake ni azimio na shauku ya moyo. Afanyaye hima hasukumwi na saa; asukumwa na nia.

Tena tunayo maneno ya kulaumu. "Pupa" ni haraka ya tamaa, kama ya mtoto atiaye tonge la pili kabla hajameza la kwanza. "Papara" ni haraka ya mtu aliyekosa utulivu, atafutaye ufunguo huku ameushika mkononi. Mwingereza, atakapo kutenganisha haya mawili, sharti atumie maneno mengi.

Na zaidi ya yote tunalo "kuwahi". Katika Kiingereza hatujaona neno moja lilinganalo nalo barabara. Kuwahi si kukimbia, wala si kwenda kasi, wala si kufanya haraka. Ni kufika kabla jambo halijapita. Mzee atokaye Mbaga alfajiri, akitembea na fimbo yake taratibu, aweza kuliwahi basi la Same. Na kijana aliyelala hadi jua kuchomoza, akateremka kwa pikipiki huku tumbo limemkaza, aweza kulikosa. Nani basi alikuwa na mbio? Kijana. Nani aliwahi? Mzee. Lugha iliyotengeneza neno hilo ilijua kwamba jambo la maana katika mwendo ni yule au kile kinachongojewa mwishoni.

Kwa hiyo twashauri hivi. "Hurry", neno lililoingia katika maandishi ya Kiingereza karibu na mwisho wa karne ya 16, na fasiri yake iwe haraka. "Haste" iwe haraka pia, au papara ikiwa mwandishi alaumu. "Quick" iwe upesi kwa habari ya muda, wepesi kwa habari ya mtu. "Fast" iwe kasi au mbio. Na katika vitabu vya zamani tusisahau imara. "Rush", kama ni watu wengi wanaosongamana, iwe kukimbilia au msongamano. "Prompt" iwe bila kukawia. Na "urgent", neno ligongwalo muhuri juu ya barua za ofisi na karatasi za hospitali, si neno la mbio hata kidogo. Ni neno la uzito. Lasema kwamba jambo hili halingoji. Mjumbe aliyepewa barua ya namna hiyo haambiwi akimbie hata aanguke korongoni. Aambiwa asikae njiani kwa mazungumzo.

Je, twakataa basi kila neno la kigeni? La. Haraka yenyewe ilikuwa mgeni, na leo ni mzee wa nyumba. Twauliza tu kila mgeni amekuja na nini. Bodaboda alikuja na kazi yake: jina hili lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, ambako wenye baiskeli waliwavusha watu wakinadi neno la Kiingereza la mpaka. Leo bodaboda hupanda hadi vijiji vyetu vya juu, na hakuna atakaye kumpa jina jingine. Lakini "fasta" hakuja na kitu ambacho chapuchapu hakuwa nacho. Acheni vijana walitumie stendi kwa kuchekeshana. Ila wasiliingize katika barua ya posa au ya maombi ya kazi.

"Ekspresi" nalo lina kisa. Twaliona limeandikwa ubavuni mwa mabasi yapitayo barabara kuu kati ya Dar es Salaam na Arusha, nasi twadhani maana yake ni mbio. Asili yake ni kitu kilichokusudiwa waziwazi, kilichotumwa kwa jambo moja mahususi; na treni ya namna hiyo, huko Uingereza, iliitwa hivyo kwa kuwa ilitumwa mahali fulani hasa, isiguse kila kituo. Upesi ulitokana na kutosimama ovyo. Basi lisimamalo Hedaru, na Makanya, na kila penye mtu aliyeinua mkono, kisha likataka kulipa deni la muda kwa kukanyaga mafuta, laweza kuwa na mbio nyingi. Lakini ekspresi silo.

Na "mwendokasi"? Hili ni neno letu wenyewe, limeundwa vizuri kwa mwendo na kasi, wala hatuna budi kuwasifu waliolieneza. Lakini tazameni hali yake. Tangu mwaka 2016 mabasi ya Dar es Salaam yaliyotengewa njia yao huitwa mabasi ya mwendokasi, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme iendayo Morogoro na Dodoma huitwa hivyo pia, nalo ni neno la sifa. Wakati huo huo askari wa barabarani amsimamishaye dereva aliyepita kibao cha kilomita 50 kwa saa katikati ya makazi humshtaki kwa mwendokasi, nalo ni neno la kosa. Mtoto asikiaye neno hilo moja likisifiwa katika habari za saa mbili usiku, na likilaumiwa katika habari za ajali, ajifunze nini? Twapendekeza kwamba kosa liitwe kuzidisha mwendo, ili sifa ibaki na jina lake na lawama iwe na lake.

Labda msomaji atasema, "Walimu hawa wanatutaka twende pole pole siku zote." Hapana. Wageni wametuandika sana kwamba sisi ni watu wa pole pole, kana kwamba ni ugonjwa wa damu. Lakini sikilizeni mahali neno hilo lisemwapo kwa bidii kuliko kote, si mbali na hapa, juu ya Kilimanjaro, mlima wenye urefu wa meta 5,895. Waongozaji huwaambia wageni "pole pole" tangu hatua ya kwanza, kwa sababu kule juu hewa ni nyembamba, na apandaye kwa pupa huumwa kichwa, hutapika, na pengine hupoteza maisha. Pole pole ile ni dawa. Wala haimzuii mtu kufika, ndiyo imfikishayo.

Tena, wazee wetu wa Upare hawakuidharau kasi mahali ipasapo. Nendeni mkaitazame ndiva katika vijiji vya bonde la Makanya. Kijito cha mlimani ni chembamba. Kama maji yake yangeachwa yaende moja kwa moja mferejini, yangenyonywa na udongo njiani, na shamba la mwisho lisingeona tone. Basi wazee walichimba bwawa, wakalikinga kwa ukuta. Usiku kucha maji hukusanyika kimya. Asubuhi hufunguliwa, na kwa kuwa ni mengi hutoka kwa kasi, hupita mahali palipokauka, hufika mbali kwa mwenye zamu. Hiyo ni kasi njema: imetanguliwa na kungoja, ina njia yake, na iko zamu ya mtu imngojayo chini. Lakini ukuta ukibomoka maji hayo hayo, kwa kasi hiyo hiyo, hubeba udongo na mahindi pamoja.

Hapo ndipo tulipopata kipimo chetu. Neno la haraka ni kama maji ya ndiva. Halina maana mpaka tujue nani amesimama mwisho wa mfereji. Mwandishi alitoapo, na afikiri habari ya yule amngojaye. Mfasiri alichukuapo, na aulize mambo matatu: Je, lasema habari ya miguu, au ya muda, au ya moyo? Je, limechakaa kiasi gani? Na huyu atakayelipokea atafanya nini akilisikia? Yule mama wa Chome alitenga jogoo. Mtu mwingine aweza kuuza mbuzi, au kuacha kumpeleka mgonjwa hospitali akingoja mwana ajaye "upesi".

Na vijana wetu walio mijini, twawaomba jambo dogo. Mkimwandikia mama, msimwandikie "soon", wala msimwandikie upesi. Mwandikieni siku. Kama hamjaijua siku, semeni kwamba hamjaijua. Tarehe haichakai kama yachakaavyo maneno, na mama ajuaye kwamba mwanawe atakuja Desemba hulala usingizi mzuri mwezi wa Julai.

Sisi nasi tumekwisha kumpa yule mama jibu lake. Tulimwambia gulioni, "Mama, utusamehe. Hatukukusomea vema. Kijana alisema atakuja, ila siku hakuitaja." Alifikiri kidogo, akasema, "Kama mngaliniambia hivyo, Mwalimu, ningaliuliza siku." Kisha akatuaga, akaenda zake kuliwahi gari la mlimani.